Boti ya Kilambo hadi Mlango wa Ruvuma: Nilimpeleka Mama

Mwenye haraka nampa jibu langu mapema: safari hii nendeni. Nendeni na wazee wenu pia, hata wale mnaodhani wameshachelewa. Ila kwanza uliza mwezi una siku ngapi, ndipo uulize bei. Nitaeleza kwa nini.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Magomeni, Mtwara mjini. Kwetu ni Newala. Mama yangu ana miaka 73 na nyumba yake haiko mbali na Shimo la Mungu, pale ukingo wa uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde lote likafunguka chini ya miguu yako. Siku isiyo na ukungu unauona Ruvuma kule mbali, mwembamba, unang'aa kama utepe wa satini ulioanguka sakafuni. Ng'ambo yake ni Msumbiji. Mama ameuona mto ule tangu akiwa mgongoni kwa bibi. Hakuwahi kuugusa.

Mtu wa pwani hili humshangaza. Uwanda wetu hauna mto wala kijito. Mvua ikinyesha mchanga unainywa yote. Mama alipokuwa msichana, wanawake walishuka na mitungi alfajiri hadi kwenye chemchemi za chini ya mteremko, wakapanda nayo kichwani jua likiwa limeshawaka. Chemchemi ndiyo ilikuwa mwisho wa njia yake. Njia yenyewe iliendelea kushuka kuelekea Ruvuma, lakini yeye mtungi ukijaa anageuka. "Nimegeuka pale mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye," huwa anasema. Nikaamua mwaka huu asigeuke.

Jaribio la kwanza lilikuwa mwaka jana na bado linaniuma. Nilimpata mtu mmoja mjini anayepeleka wageni matembezi, simtaji jina, akachukua malipo ya siku nzima, akatupakia kwenye Noah na kutupeleka pwani ya Msimbati. Tulifika saa nne asubuhi. Mwezi ulikuwa kumi na tano, bamvua lenyewe, maji yamekupwa mpaka huoni yalikokwenda, na boti imelala ubavu kwenye tope. Yule bwana alikuwa hajui. Alisimama akiitazama boti kama sisi tulivyoitazama. Mama alikaa chini ya mkorosho hadi saa tisa, kisha akasema kwa upole, "Haya mwanangu, turudi." Kwa mara nyingine tena akageuka. Nusu ya pesa ilirudi baada ya wiki tatu za kupigiana simu.

Kikundi cha Kilambo nilielekezwa na mteja wangu wa Mahurunga ambaye hunipa magauni ya harusi ya kushona. Hawana ofisi wala bango. Ni wavuvi watano, boti mbili, na namba ya simu ya nahodha. Nilipompigia, swali lake la kwanza halikuwa tuko wangapi. Aliuliza: "Dada, huyo mama magoti yake yanakunjika?" Nikamwambia la kushoto linasumbua. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anahesabu, kisha akasema, "Njooni mwezi ukiwa nne. Si kabla, si baada."

Kwa wasiojua maji, ni hivi. Siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, pwani yetu maji hujaa alfajiri na jioni, na saa nne au tano asubuhi yanakuwa yamekauka kabisa. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu saa moja. Mwezi ukiwa nne, maji hujaa asubuhi mtu akiwa ameshakunywa chai. Unaondoka Kilambo mto ukiwa umejaa, maji yanayokupwa yanakusukuma hadi baharini, unapumzika kule yakiwa chini kabisa, kisha alasiri yanayojaa yanakurudisha nyumbani. Injini inasaidia tu. Mtu wa Noah angejua jambo hili moja, mama asingekaa chini ya mkorosho.

Tulikwenda Septemba, watu saba: mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, wifi yangu, watoto wao wawili wa miaka 9 na 6, na jirani yangu. Boti nzima tulilipa shilingi 140,000, chakula 6,000 kwa kila mtu. Ada ya hifadhi ni ya serikali, inalipwa peke yake kwa namba ya malipo. Nahodha alitusaidia kuipata siku moja kabla ili tusisumbuke asubuhi. Kutoka Mtwara mjini hadi Kilambo ni kama kilometa 40, sehemu kubwa vumbi, mikorosho mwanzo mwisho, ikiwa imeanza kutoa maua na harufu yake tamu imejaa barabarani. Fungeni vioo mkipishana na malori.

Kilambo ni mpakani, na mpaka uheshimiwe. Hapo ndipo penye kivuko cha kwenda Namoto upande wa Msumbiji, na ukifika utakuta mitumbwi, magunia, baiskeli, na watu wanaosubiri kuvuka kama wanaosubiri daladala. Nahodha alikuwa ameshatoa taarifa ofisi ya kijiji. Tulionyesha vitambulisho, majina yakaandikwa kwenye daftari, tukaambiwa wazi kwamba hatutakanyaga ng'ambo. Hili naliunga mkono kwa moyo wote. Vurugu za Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo, zilianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, cha huku kwetu kando ya mto huuhuu, kilishambuliwa. Watu walizika ndugu zao. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari piga simu, uliza hali ikoje wiki hiyo, na ukiambiwa usije, usije. Nahodha aliniambia ameshawahi kuwarudishia wageni pesa yote na kufunga boti, na mwanakijiji mwingine aliyekuwa karibu akalithibitisha bila kuulizwa.

Sasa nisemee namna walivyompokea mama, maana ndiyo kipimo nilichokwenda nacho.

Kingo za pale ni matope yenye ngazi zilizochongwa kwa jembe. Nilikuwa nimejiandaa kumbeba mgongoni. Vijana wawili walishuka kutoka kwenye boti, wakamwamkia "Shikamoo bibi" huku wameinama, akaitikia marahaba. Wakalaza mbao mbili juu ya matope, wakaweka kiti cha plastiki, wakamkalisha na kumbeba na kiti chake hadi ndani ya boti bila maji kumgusa unyayo. Ndani walikuwa wametandika mkeka katikati, mbali na injini, mahali pasiporuka maji. Hakuna aliyecheka wala kuharakisha. Boti ni ya mbao, pana kiasi, ina injini ya farasi 15, imezibwa vizuri. Nilipitisha mkono kwenye maungio na hakukuwa na unyevu.

Nahodha akatoa sheria moja: mkono usitoke nje ya boti hadi atakaposema. Mamba. Mama ambaye alikuwa ameshaanza kuinamia maji akaurudisha mkono wake mapajani, akaukunja kama mtoto aliyekatazwa. Nilimwonea huruma lakini nahodha alikuwa na haki. Mbele kidogo tuliwaona wanawake wakichota maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, wamesimama mbali na ukingo, mmoja anachota na mwingine anatazama.

Maboya ya kuvaa niliyakagua moja moja, na hapa jicho la fundi halikuniruhusu kunyamaza. Yalikuwa manane. Matatu yalikuwa salama. Matano yalikuwa na mshono uliofumuka pale mkanda unaposhikana na kifua, mahali ambapo ukimvuta mtu kutoka majini ndipo panapobeba uzito wake wote. Uzi ulikuwa wa pamba, na pamba ikikaa majini ya chumvi na juani inaoza. Hakukuwa na boya la mtoto hata moja. Wale wawili wa mdogo wangu walifungwa ya wakubwa na kamba ikapitishwa katikati ya miguu. Nilimwambia nahodha palepale. Hakujitetea. Alichukua kamba ya nailoni, akafunga upya kila palipofumuka, akavuta kwa mguu kupima, ndipo tukaondoka. Hata hivyo naandika, kwa sababu kamba ni kamba na mshono ni mshono, na anayewapandisha watu wake kwenye boti anastahili kujua.

Basi tukateremka na mto.

Nilidhani Ruvuma una kina kirefu muda wote, kwa jinsi unavyotajwa. Sivyo. Unatoka milima ya Matagoro karibu na Songea, unatembea kama kilometa 800, njiani unapokea Lugenda kutoka Msumbiji pale Negomano, na mwendo wote huo unabeba mchanga. Ukikaribia bahari unapanuka, unachoka, unautua mchanga wake popote. Mafungu yanahama. Kijana mmoja alisimama omoni na pondo, akilichomeka na kulichomoa, akiita kina kwa sauti ya chini: "Kiunoni. Kifuani. Kiunoni. Gotini, kata kulia!" Nahodha hakuwahi kumuuliza mara mbili. Mwaka 1861 Livingstone aliingia humu na meli ya mvuke iliyoitwa Pioneer, akitafuta njia ya maji ya kufika Ziwa Nyasa. Mto ukapungua, meli ikalazimika kugeuza. Nilikuwa naijua hadithi hiyo tangu shule, lakini nimeielewa siku niliyomwona kijana yule akisukuma pondo likazama kiganja kimoja tu katikati ya mto mpana kuliko uwanja wa mpira.

Upande wetu, kabla mikoko haijaanza, ni matete, mivumo iliyosimama mmojammoja, na mashamba ya mpunga. Juu ya mashamba kuna madungu, na nahodha alieleza kwamba wakati wa mpunga kuiva watu hulala humo juu wakipiga madebe usiku kucha kuwafukuza viboko. Viboko wenyewe tuliwakuta baada ya kona ya pili. Watoto walihesabu kumi na mmoja, mimi tisa. Nahodha alipunguza injini, akazunguka kwa mbali akifuata maji machache kwa makusudi, kwa sababu kiboko hukimbilia maji mengi na usimkatie njia yake. Hakuwasogelea ili tupige picha. Jirani yangu aliomba, akakataliwa kwa adabu, na mimi kwa hilo pekee ningemlipa mara mbili. Kuna watu wanawatia wageni hatarini kwa ajili ya picha ya simu.

Mamba tulimwona mmoja tu, mgongo na macho, akazama kama gogo linalojua linakokwenda.

Kisha mkondo wenye kina ukatupeleka karibu kabisa na ukingo wa kusini. Pale mwanamke mmoja wa umri wa mama alikuwa akianika mihogo juu ya mkeka. Mama akamsalimia kwa Kimakonde kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Yule mwanamke akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akajibu. Waliulizana habari za mashamba, za watoto, za mvua. Nahodha akazima injini bila kuombwa, tukawa tunaelea na maji pole pole, wale wawili wakizungumza, na mpaka wa nchi mbili ukiwa mahali fulani kati yao au chini yetu.

Tulipoachana mama akasimulia. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza, watu walivuka mto usiku, na familia moja ikafika uani kwao Newala na sufuria moja na mtoto mchanga. Walikaa miaka. Binti yao alikuwa rika la mama, walishuka pamoja chemchemini. Uhuru ulipopatikana Juni 1975 wakarudi kwao. Yule binti alimwachia mama kipini chake cha pua. "Nilidhani labda angekuwa huyu," mama akasema. Hakuwa huyu. Lakini alikuwa amemuuliza, nikagundua, kati ya habari za mvua na mihogo alikuwa amemuuliza jina.

Hapo ndipo yeye na nahodha wakaanza kuulizana koo, kama ilivyo ada, na haukupita muda ikabainika ukoo wao mmoja. Kwetu ukoo unafuata mama, kwa hiyo tangu dakika ile nahodha akawa mjomba wangu, na mimi nikaacha kumwita nahodha. Bei haikubadilika, wala sikutaka ibadilike.

Mikoko sasa. Wengi huipita wakiiona ukuta wa majani tu. Mjomba aliingiza boti kwenye mkono mdogo wa mto, akazima injini, akatumia kafi. Ukimya ule una sauti zake: kaa wanaochomoka kwenye matope, maji yanayonyonywa kutoka kwenye mizizi, mdiria anayepita kama jiwe la buluu lililorushwa. Akatuonyesha mti kwa mti. Msikundazi unakaa juu kwa sababu unapenda maji yenye chumvi kidogo, na mizizi yake imesimama kama mbao za ubavuni mwa dau. Mkoko wenye miguu mingi kama unataka kutembea. Mkandaa ambao ganda lake wazee walilitumia kutia rangi nyavu, nalo mimi nililichubua kidogo likanipaka wekundu wa kahawia kwenye kidole uliokaa siku mbili. Mkomafi na tunda lake kubwa kama boli. Mchu ambao mizizi yake inachomoza juu ya tope kama penseli elfu, kwa ajili ya kupumua. Na ukikaribia bahari, wa mwisho kabisa, mlilana, unaosimama peke yake kwenye mawimbi. Mama, mtu wa nchi kavu, aliuliza maswali kuliko watoto. Mjomba alijibu yote, na pale mama alipouliza kwa nini mti unaoishi majini ushindwe kupumua, alifikiri kwanza kisha akasema tope la pale limebana, halina hewa ndani, ndiyo maana mzizi unapanda kuifuata juu.

Eneo lote hili ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilometa za mraba 650. Mjomba alisema kamba wadogo na samaki wadogo wanakulia kwenye mizizi ile kabla ya kutoka baharini, kwa hiyo akimwona mtu na shoka anaona mtu anayekata wavu wake. Alikuwa na hasira ya kweli alipolisema, na tulipita mahali penye visiki vibichi vitatu ambapo hakusema neno lolote.

Saa tano na nusu tukatokea mlangoni. Sijui nilitegemea nini. Kuna fungu refu la mchanga, membe na shakwe mamia wameketi wakitazama upepo upande mmoja, na mbele yake mstari. Ni mstari kweli, kama pindo: huku maji ya chai ya maziwa, kule kijani cha chupa, na katikati povu linalotetemeka. Upepo wa kusi ulikuwa umeshalegea lakini mawimbi ya mstarini yalikuwa marefu. Mdogo wangu akataka tuvuke tukaone upande wa pili. Mjomba akasema hapana, boti hii ni ya mto. Alisema mara moja tu.

Tulishuka kwenye fungu. Kusini yetu, ng'ambo ya mlango, ndiko Kionga. Wajerumani na Wareno walikubaliana mwaka 1886 mto uwe mpaka, kisha 1894 Wajerumani wakavuka wakakitwaa kipande kile. Wareno wakakitwaa tena 1916 katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Mjomba anasema babu yake alikuwa akivua mahali palepale kipindi chote hicho na samaki walikuwa walewale.

Hapo mama akaruhusiwa kugusa maji. Akavua kandambili, akaingia hadi kwenye vifundo akinishika bega, akainama, akachota kwa kiganja, akaonja. Akatema.

"Hii ni bahari," akasema. "Bahari nimeiona Mikindani. Mimi nimeufuata mto."

Sikujua la kumwambia. Wifi yangu alianza kumweleza kwamba maji ni yaleyale yamechanganyika tu, mama akawa anatikisa kichwa. Mjomba alikuwa anafungua kamba ya nanga, akasikia, hakusema kitu.

Tulisubiri maji yageuke. Hapa niseme kasoro nyingine: fungu halina kivuli hata cha kuku, na boti haina paa. Walitoa miavuli miwili, na mmoja ulikuwa umevunjika mbavu. Saa mbili juani kwa mtu wa miaka 73 ni nyingi. Turubai na miti minne ingetosha. Choo nacho hakuna hadi urudi Kilambo, na cha Kilambo ni cha shimo, kimezungushiwa makuti, kisafi lakini hakina pa kushikia. Mwenye magoti mabovu aingie na mtu. Mzee akinywa maji kwa woga kwa sababu hajui atajisaidia wapi, jua litamwangusha. Waliahidi watalishughulikia. Kwa hayo nawapa nyota nne, na ya tano nimeiweka mfukoni, ni yao wakifunga turubai.

Saa nane na kitu maji yakaanza kujaa, tukapanda. Mto ulikuwa unapanda nasi. Tulipoivuka mikoko ya kwanza mjomba akachota kwa kopo, akaonja, akatema nje. "Bado." Tukaendelea. Baada ya kona ya viboko, ambao sasa walikuwa wamepanda mchangani kuota jua, akachota tena, akaonja, akatikisa kichwa. Sikuelewa anatafuta nini. Nilidhani anapima njia. Mara ya tatu, mashamba ya mpunga yakiwa yameanza kuonekana, akaonja na kumeza. Akazima injini. Kijana akachomeka pondo kuishika boti. Mjomba akachota kopo limejaa, akatembea hadi katikati ya boti, akapiga goti mbele ya mama.

"Dada," akamwambia, maana sasa alikuwa dada yake, "huu ndiyo mto. Lete mikono."

Akammiminia pole pole. Mama alinawa mikono, akanawa uso, akanawa hadi nyuma ya masikio kama anavyotawadha. Kopo likaisha, mjomba akachota lingine, mama akaosha miguu. La tatu alilishika mwenyewe, akalitazama ndani kwa muda, akalirudisha mtoni taratibu bila kulimwaga, akilizamisha ukingo hadi maji yakatoka yenyewe. Mkono ukiwa nje ya boti. Mjomba alikuwa amesimama juu yake akitazama maji kushoto na kulia, na yule kijana wa pondo akatazama upande wa pili.

Mimi bei niliyolipa haina mstari wa huduma hiyo.

Chakula tulikula Kilambo saa kumi na nusu, kimechelewa, na mwenye watoto abebe vitafunio. Lakini kilikuwa chakula. Wali wa mpunga wa bonde lenyewe, kambale kwa mchuzi wa nazi nzito, kisamvu kilichotwangwa hadi kikasalimu amri, na sahani ya ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa. Ming'oko nje ya kusini hii watu hawaijui, na wanakosa. Mpishi, mke wa mmoja wa vijana, alikaa nasi akamchambulia mama miiba ya kambale. Aliyezoea samaki wa bahari aulize mapema. Kambale ana mafuta na harufu yake ya matope, wengine hawamwezi.

Wapo watakaouliza kuhusu Daraja la Umoja, kwamba kwa nini usiende kuuona mto pale. Nendeni, ni mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, na ni jambo kubwa kwa nchi hizi mbili. Lakini liko Mtambaswala, Nanyumbu, mbali sana na mlango, na ukiwa juu ya daraja unauona mto kama mama alivyouona miaka yote, kutoka juu.

Wiki iliyofuata nilimpigia mjomba nikamwambia alete yale maboya matano, nitayashona kwa uzi wa nailoni niliobaki nao wa maturubai, sitachukua pesa. Alikuja na basi la asubuhi, gunia begani, na ndani ya gunia akaweka kambale wawili waliokaushwa wa kumpelekea dada yake Newala. Maboya mawili nimeyamaliza. Matatu yako mezani hapa ninapoandika, na pembeni nimekata kitambaa cha mengine mawili madogo ya watoto. Kinachonikwamisha ni ujazo wa ndani, kwa hiyo mwenye kujua duka la Mtwara linalouza povu gumu lisilonyonya maji anielekeze.